Alikimbia Bule au alikimbilia Bule? Kiingereza cha njia kifundishwe kwa njia za Djugu

Kwa Kiswahili, herufi mbili zinatosha kugeuza safari nzima. "Watu wamekimbia Bule" ni habari moja. "Watu wamekimbilia Bule" ni habari nyingine, tena kinyume chake. Katika habari ya kwanza Bule inabaki tupu. Katika ya pili Bule inajaa, na wenyeji wanaanza kugawana chumba, sufuria na maji na wageni. Hakuna mkaaji wa wilaya ya Djugu anayehitaji mwalimu wa kumweleza tofauti hiyo. Anaijua tangu utoto, na miaka hii ya vita imemfanya aijue zaidi.

Shida inaanza pale habari hiyo inapoingia katika Kiingereza. Huko, "they fled Bule" na "they fled to Bule" zinatofautiana kwa kineno kimoja tu, "to", ambacho mkalimani aliyechoka anaweza kukimeza bila mtu kugundua. Vivyo hivyo "he left Bule" maana yake ameondoka Bule, lakini "he left for Bule" maana yake ameondoka mahali pengine na anaelekea Bule. Ukitoa hiyo "for", mtu aliyekuwa anakuja anageuka kuwa mtu anayekwenda. Sentensi yenyewe inabaki sahihi kisarufi, na hapo ndipo penye hatari. Anayeisoma akiwa Nairobi au Geneva hana dalili yoyote kwamba kuna kitu kimeanguka njiani.

Vineno hivi, ambavyo shuleni vinajulikana kwa jina la Kifaransa la prépositions na vitabu vya Kiswahili vinaviita vihusishi, wengi wanavihesabu kuwa mambo ya wanafunzi wanaojiandaa kwa mtihani wa taifa. Katika jimbo la Ituri si hivyo tena. Kueleza njia kwa Kiingereza kumekuwa kazi ya watu, na kunapaswa kufundishwa kama kazi.

Wanaokihitaji Kiingereza hicho si wachache. Wapo vijana wa Bunia wanaofanya ukalimani kwa askari wa MONUSCO, na miongoni mwa nchi zilizotuma vikosi Ituri ziko Bangladesh na Nepal, ambazo maofisa wake hawafanyi kazi kwa Kifaransa. Tangu mwaka wa 2025 askari wa Uganda nao wako katika wilaya ya Djugu. Wengi wao wanasikia Kiswahili, lakini taarifa za jeshi lao zinatoka kwa Kiingereza. Wapo wafanyabiashara wanaopitisha mali Mahagi au Kasenyi na kukuta ng'ambo ya pili hati zote ni za Kiingereza. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022. Mwaka mmoja kabla, wakuu wa Jumuiya walikuwa wamekubali Kiswahili na Kifaransa kama lugha rasmi, lakini kukubali ni jambo moja na kubadilisha karatasi zote ni jambo lingine.

Halafu wapo wakimbizi, na kwao jambo hili ni zito kuliko kwa wote.

Mwanzoni mwa 2018 makumi ya maelfu ya watu wa Ituri walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi na boti. Wengi walishukia Sebagoro, upande wa Uganda, wakapelekwa katika makazi ya wakimbizi ya Kyangwali. Uandikishaji kule uko mikononi mwa Ofisi ya Waziri Mkuu wa Uganda pamoja na HCR, na karatasi zake ni za Kiingereza. Anayefika anaulizwa ametoka wapi, alipitia wapi, alivukia wapi. Akijibu "nimetoka Bule", mkalimani ana sekunde mbili za kuchagua.

Anaweza kusema "I am from Bule", yaani Bule ndiko kwao. Anaweza kusema "I came from Bule", yaani safari hii ilianzia Bule. Anaweza pia kusema "I left Bule", yaani aliondoka Bule, bila kueleza kama alikuwa mwenyeji au mpita njia. Kiswahili kinaziweka maana zote tatu katika kitenzi kimoja, kutoka, na wanaozungumza wanajua ni ipi kwa sababu wanajuana. Tuseme mtu alizaliwa Drodro, vita vikamfukuza, akakaa Bule miezi kadhaa, kisha vita vikamfukuza tena mpaka ziwani. Watu waliohama mara mbili au tatu ni wengi sana Djugu. Mtu huyo akisema "nimetoka Bule" hajadanganya hata kidogo. Lakini karatasi ikiandikwa "from Bule" kama mahali pa asili, na mwaka unaofuata katika mahojiano mengine akaulizwa alizaliwa wapi, atajibu Drodro. Sasa kuna majibu mawili yasiyolingana chini ya jina moja. Anayechunguza maombi ya kuhamishiwa nchi ya tatu anatafuta hasa kutolingana kwa namna hiyo. Mwenye jina ataulizwa kwa nini alibadilisha maneno, naye hatajua ni maneno gani.

Kiswahili kina dawa yake hapo hapo. Mkalimani angeuliza swali moja zaidi, "kwenu ni wapi?", jibu lingetoka bila utata. Ni kweli kwamba kwenye bariyeri za Djugu swali hilo linaogopwa, kwa kuwa linaweza kuwa njia ya kuuliza kabila. Ndiyo sababu mkalimani anapaswa kueleza kwanza kwa nini anauliza.

Kwa nini vihusishi vya Kiingereza vinawasumbua watu wa mashariki ya Kongo kuliko msamiati wake? Wengi watasema ni ukosefu wa shule. Shule ina sehemu yake, lakini sababu kubwa ni kwamba mtu wa Bule anafika kwenye Kiingereza akiwa amebeba lugha mbili zinazogawanya kazi hii kwa namna nyingine kabisa.

Kwanza ni Kiswahili chenyewe. Katika Kiswahili kinachosemwa mitaani mashariki ya Kongo, watu wanasema "naenda ku Bule", "niko ku Bule", "natoka ku Bule". Hiyo "ku" haionyeshi mwelekeo wowote. Inasema tu kwamba jina linalofuata ni la mahali, na mwelekeo wote unabebwa na kitenzi. Kiswahili cha vitabuni kinakwenda mbali zaidi, hakiweki kitu: naenda Bule, niko Bule, natoka Bule. Kiingereza kinataka maneno matatu tofauti katika sentensi hizo tatu, "to", "in" na "from". Mwanafunzi anayeuliza "ku" ni nini kwa Kiingereza ameuliza swali lisilo na jibu, na mwalimu anayemjibu kwamba "ku" ni "to" amempotosha.

Pili ni Kifaransa, lugha ya darasa, ambayo inaleta makosa yake yenyewe. "Passer par Fataki" ni kupitia Fataki. Mwanafunzi anaona "par", anakumbuka kwamba mara nyingi ni "by", anaandika "we passed by Fataki". Kwa Mwingereza maneno hayo yanamaanisha kwamba walipita kando, wakauacha mji ubavuni wakaendelea. Aliyekusudia kusema waliingia Fataki wakatokea upande wa pili alipaswa kuandika "through Fataki". Aliyetaka tu kutaja njia bila kueleza kama walisimama angeandika "via Fataki". Kwa mtalii tofauti hiyo ni ndogo. Kwa shofere wa lori la chakula anayejiuliza nani anashika bariyeri ya mbele, kupita ndani ya mji na kupita pembeni ni safari mbili.

Lipo pia kosa la "depuis" na "jusqu'à". Kifaransa kinatumia maneno hayo kwa saa na kwa mahali, kama vile Kiswahili kinavyosema "toka asubuhi mpaka jioni" na "toka Bule mpaka Bunia". Lugha mbili zikikubaliana, mwanafunzi anaamini ya tatu itakubali pia, ndiyo maana daftari zinajaa "since Bule until Bunia". Kiingereza kinakataa. "Since" na "until" ni za wakati. Njia inataka "from Bule to Bunia", na anayetaka kusisitiza kwamba alifika mahali fulani akakomea hapo atasema "as far as". "I went as far as Fataki": nilikwenda mpaka Fataki, sikuendelea. Hiyo "as far as" haipewi nafasi inayostahili darasani, ingawa ndiyo jibu la swali ambalo kila mtu wa Djugu amewahi kuulizwa, njia ilikuwa wazi mpaka wapi.

"By" inastahili maneno mengine kidogo, maana ni kineno chenye kazi nyingi mno. "By motorbike" ni kwa pikipiki. "By the river" ni kando ya mto. "Stopped by soldiers" ni kusimamishwa na askari, na hapo "by" haina habari ya mahali hata kidogo, inamtaja mtendaji. Motari anayetaka kusema kwamba alisimamishwa kwenye bariyeri akaandika "I was stopped by the barrier" amesema bariyeri ndiyo iliyomsimamisha, na msomaji haambiwi nani alikuwa amesimama pale. Sentensi iliyokamilika ingekuwa "stopped by soldiers at the barrier": "by" kwa watu, "at" kwa mahali. Na kama hakujua ni askari au ni wapiganaji waliovaa nguo za askari, aandike hivyo hivyo, "by armed men". Hapo uangalifu unahitajika kuliko popote, kwa sababu neno linalofuata "by" ndilo linalobeba lawama.

Ziwa nalo lina kanuni yake, na hii ni rahisi. Kinachovukwa juu ya uso wake, kama ziwa, mto au uwanja, ni "across". Kinachopenywa ndani yake, kama msitu, mji au umati wa watu, ni "through". Kifaransa kinatosheka na "traverser" kwa vyote viwili. Aliyesema alikwenda "through the lake" atafahamika, lakini kwa sikio la Mwingereza atakuwa amepita ndani ya maji. Kwa kupanda na kushuka, watu wa Ituri wako sawa kabisa. Bunia iko juu ya mita 1,200 na ziwa liko karibu mita 600, kwa hiyo "we went down to Tchomia" ni Kiingereza safi kama kilivyo Kiswahili cha "tulishuka Tchomia".

Tukirudi Bule yenyewe, vipo vineno vitatu ambavyo waandishi wa habari na wa mashirika wangepaswa kuvibandika ukutani: "in", "near" na "on". Usiku wa kuamkia tarehe 2 mwezi wa pili 2022, wapiganaji wa CODECO walivamia kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo na kuua watu wapatao 60. Mwezi wa sita 2023 kambi ya Lala ilivamiwa, na watu zaidi ya 40 wakauawa. Kambi zote mbili ziko karibu na Bule, si ndani ya mji wa Bule. "Near Bule" ni neno la kweli. "In Bule" inawapeleka ndugu walio Kampala kupiga simu kwa watu wa mjini, huku wenye ndugu kambini wakidhani mambo hayawahusu. "Attack on Bule" ni jambo jingine tena, maana inasema mji wenyewe ndio ulilengwa. Ni kweli kwamba kichwa cha habari kinataka maneno machache, lakini "near" haina urefu wa kumshinda mhariri.

Sasa, Kiingereza hiki kingefundishwaje? Njia iliyozoeleka ni kuwapa wanafunzi orodha ya vihusishi na sentensi zenye mapengo. Kitabu kiko juu ya meza, paka yuko chini ya kiti. Mtihani wenyewe wa maswali ya kuchagua unaisukuma shule huko. Mwanafunzi anaweza kujaza mapengo yote ishirini bila kosa na bado asiweze kumweleza mgeni njia ya kutoka kwao mpaka sokoni.

Iko njia nyingine, na inaanzia pale Kiswahili kilipo na nguvu, kwenye kitenzi. Mzungumzaji wa Kiswahili tayari ana vihusishi vyote kichwani, ila vimefichwa tumboni mwa vitenzi. Kuhama ni "to move from", kuhamia ni "to move to". Kupita ni "to pass", kupitia ni "to go through". Kukimbia ni "to flee", kukimbilia ni "to flee to". Kuelekea ni "to head for", na anayeelekea Bule hajafika Bule bado, jambo ambalo anayeandika taarifa za usalama angefaa kulikumbuka kabla ya kuandika kwamba wapiganaji wako mahali ambapo wameonekana tu wakielekea. Mwalimu angeuliza kwanza, "msafiri alifanya nini?", kisha ndipo aulize neno la Kiingereza. Mwanafunzi wa Bule hatakosea swali la kwanza.

Na kwa yule asiye na hakika bado, Kiingereza chenyewe kina mlango wa nyuma ambao walimu hawautumii vya kutosha. Kina vitenzi vinavyofanya kazi kama vya Kiswahili, vinavyobeba mwelekeo bila kuhitaji msaada: "leave" kwa kuondoka, "reach" kwa kufika, "enter" kwa kuingia, "cross" kwa kuvuka, "follow" kwa kufuata, "approach" kwa kukaribia. "We left Bule, crossed the river, followed the road, passed Fataki and reached Bunia." Sentensi hiyo nzima haina kihusishi hata kimoja, na hakuna Mwingereza atakayeicheka. Anayehangaika na "arrived to", ambayo ni Kifaransa kilichovaa koti la Kiingereza, aiache na aseme "reached". Mkalimani anayefanya kazi kwenye simu mbovu, usiku, mtu akilia upande wa pili, anahitaji Kiingereza kisichovunjika kikikosa silabi moja. "They fled to Bule" inavunjika "to" isiposikika. "They fled and reached Bule" haivunjiki kirahisi hivyo.

Watakuwapo watakaosema haya ni anasa, watu wanauawa na mtu anahesabu vineno. Hasira hiyo ina msingi. Lakini wanaokimbia wenyewe hawaongei juu ya jambo lingine. Swali la kwanza mtu anapobeba mtoto mgongoni ni njia gani, inapita wapi, inatokea wapi. Wengine watasema mzigo umewekwa begani mwa mtu asiye wake, kwamba mashirika yanayokuja na fomu za Kiingereza katika nchi ya Kifaransa na Kiswahili ndiyo yajifunze. Hao wana haki zaidi. Fomu ya Kyangwali ingeweza kuwa na mistari miwili tofauti, mmoja wa mahali mtu alikozaliwa na mwingine wa mahali alikoondokea mara ya mwisho, ili neno moja "from" lisilazimishwe kubeba yote mawili. Lakini mkimbizi anayeketi mbele ya meza leo hawezi kungoja fomu ibadilishwe. Kiingereza kidogo kilichofundishwa vizuri kinaweza kumsaidia leo hii.

Kwa mwalimu wa Bule gharama ni chaki. Achore ubaoni barabara ambayo watoto wote wanaijua, aweke mto, soko, bariyeri, kanisa, na mji wa upande wa pili. Mtoto mmoja aitembee kwa kidole huku mwingine akisema kwa Kiswahili alichofanya, ameondoka, amefuata, amevuka, amepitia, amefika, na darasa litafute neno la Kiingereza la kila hatua. Kisha mtoto arudi kinyumenyume, na darasa lione ni maneno gani yanageuka na ni yapi yanabaki.

Kwa wakalimani wa Bunia, Kyangwali na kwingineko, kabla karatasi haijatiwa sahihi, mkalimani asome njia yote tena kwa Kiswahili mbele ya mwenye safari, mahali kwa mahali, akitumia kitenzi kamili: uliondoka hapa, ulipitia hapa, ulivukia hapa, ulifikia hapa. Kazi hiyo haimalizi dakika tano, na mwenye safari mwenyewe ndiye atakayesema, "hapana papa, pale sikupitia, pale nilikimbilia."